Mama Kiunga Awaaga Kasuku wa Kanyakine

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Gladwell Karambu, ambaye sote tunamwita Mama Kiunga, anastaafu baada ya kuwahudumia kasuku wa kituo chetu cha Kanyakine kwa miaka ishirini na sita na miezi tisa. Alianza kazi mwezi wa Februari 1999. Miongoni mwetu sisi watumishi hakuna aliyemtangulia hapa. Miongoni mwa kasuku wapo wawili tu, na hao hawakualikwa kuandika.

Mhariri wa kijitabu hiki alinipa kazi hii akisema kwamba hakuna mtu aliyekaa na Mama Kiunga saa nyingi kuliko mimi. Ni kweli. Mimi ni dereva. Kwa miaka kumi na saba nimeiendesha pikapu ya kituo huku yeye ameketi kando yangu, tundu magotini, akizungumza zaidi na aliyemo ndani ya tundu kuliko na aliyeshika usukani. Kwa hivyo ninayoyaandika hapa mengi niliyaona, na machache niliyasikia akimsimulia kasuku.

Kwa wageni watakaosoma kijitabu hiki siku ya sherehe, ni vyema nieleze tunachofanya. Kituo chetu hupokea kasuku waliokataliwa au kuteswa. Wapo wanaoachwa na wenye nyumba wanaohama, wapo waliofungwa minyororo mguuni ili wachekeshe wateja wa baa, na wapo wanaonaswa na maafisa wa wanyamapori mikononi mwa walanguzi. Tunawatibu, tunawapa muda wa kuwaamini watu tena, kisha tunawatafutia nyumba za watu wenye kibali na wenye subira. Subira ndiyo ngumu kupatikana.

Wakati ule wa mwanzo, watu wa Kanyakine hawakutuelewa kamwe. Bango la mbao liliposimamishwa langoni likisema "Kituo cha Kasuku", akina mama walifika kuuliza kama tunauza kwa jumla yale mafuta ya kupikia yaitwayo Kasuku, na wanafunzi wakaja kutafuta madaftari ya jina hilo hilo. Mama Kiunga anasema yeye mwenyewe alidhani hivyo. Alikuwa akipita na kikapu cha mapapai, akielekea sokoni, akaona mlango uko wazi, akaingia kuuza.

Aliyemkuta ndani ni marehemu Daktari Njue, mwanzilishi wa kituo. Daktari alikuwa mtu wa Embu aliyetibu ng'ombe wa Imenti Kusini kwa miaka thelathini, na alipostaafu akanunua ekari moja hapa, akajenga mabanda matatu ya mbao na kuwaletea majirani kitu cha kusengenya. Siku hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya kasuku wa kijivu aliyekuwa hajala kwa siku nne. Karambu hakumwuliza lolote. Alichukua papai moja, akalipasua kwa kisu chake, akaketi chini akaanza kulila yeye mwenyewe, taratibu, bila kumtazama yule ndege. Alipofika nusu, kasuku alikuwa ameshuka kwenye kijiti na kusogea mpaka kwenye waya. Alipofika robo, kasuku alikuwa anakula naye.

Daktari alimwajiri siku hiyo hiyo kama kibarua wa kufagia. Mamake Karambu, aliposikia, aliuliza ni watu gani hawa wanaofuga ndege wasioliwa, na akamshauri bintiye asikae sana huko. Hakukaa sana. Alikaa miaka ishirini na sita tu.

Wale waliokuja juzi wakakuta mabanda ya chuma, maji ya bomba na chumba cha matibabu chenye taa ya joto, ni vigumu kuwaeleza miaka ile ilivyokuwa. Maji yalichotwa mtoni. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na baridi ya Meru kukaa juma zima, Mama Kiunga alikuwa akiwasha jiko la makaa nje mpaka moshi uishe, ndipo aliingize bandani, kwa maana alijua mapafu ya kasuku hayavumilii moshi. Simu ilikuwa moja, ya waya, katika duka la jirani, na mwenye duka alikuwa akituma mtu aje kupiga kelele langoni: kuna kasuku Chuka, kuna kasuku Runyenjes. Mimi niliukuta mwisho wa miaka hiyo, na nikiukumbuka sasa nasikia harufu ya alizeti iliyokaangwa na mbao zilizolowa mvua. Tulikuwa na vitu vichache, na kila kimoja tulijua kilikotoka.

Karambu aliacha shule akiwa darasa la saba. Daktari Njue alimpa daftari na kumwambia aandike kila anachokiona: nani amekula, nani amenyofoa manyoya, nani amecheka. Aliandika kwa Kimeru, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa mchanganyiko wake mwenyewe. Madaftari hayo sasa ni arobaini na moja, na madaktari wa wanyama wanaokuja kujifunza hapa huyasoma kabla hawajagusa ndege. Mwaka 2004 alifanywa mlezi, na 2011 mlezi mkuu. Katika muda wake tulipokea kasuku mia mbili themanini na saba. Yeye anaweza kukutajia majina yao yote, na akianza, tafadhali uwe umekula.

Yapo majina ambayo hata mimi nayakumbuka. Yupo yule aliyetoka kwenye mashine ya kusaga mahindi huko Nkubu, ambaye kila asubuhi saa kumi na mbili alinguruma kama injini ya dizeli inayowashwa, ikikohoa mara mbili kabla ya kushika. Siku ya tatu jirani yetu alifika langoni na debe la mahindi kichwani, amefurahi kwamba hatimaye Kanyakine imepata mashine ya karibu. Mama Kiunga aliona haya kumrudisha na mahindi yake. Aliniomba niyapeleke Nkubu kwa pikapu, yakasagwe kwenye mashine ile ile aliyotoka kasuku.

Yupo pia yule wa Ishmael, mwenye bucha kule Majengo, Meru mjini. Kakake Ishmael alipofariki aliacha kasuku ambaye kwa majonzi alijinyofoa manyoya yote ya kifua, akabaki kama kuku aliyeandaliwa kupikwa, na Ishmael, ambaye hukata nyama kutwa, alisema hilo hawezi kulitazama. Mama Kiunga alimtunza ndege huyo kwa miezi kumi na minne. Kila Ijumaa baada ya swala Ishmael alikuja, akaketi kwenye kigogo, akamwambia kasuku habari za mtaa kama kakake alivyozoea kufanya. Manyoya ya kifua hayakurudi mpaka leo. Ila siku moja kasuku alimwita Ishmael kwa jina, na Ishmael akavua kofia yake, akajifuta uso, akauliza kama anaweza kwenda naye nyumbani. Bado wako pamoja.

Nisiwadanganye kwamba alikuwa mpole kwa kila mtu. Walioleta magunia ya avokado kama msaada walifukuzwa kabla hawajashusha mzigo, kwa kuwa avokado ni sumu kwa kasuku. Na kila aliyetaka kumchukua ndege alipaswa kuja Jumapili tatu mfululizo, aketi kando ya tundu bila kugusa kitu. Yupo mheshimiwa mmoja aliyetuma msaidizi wake akae kwa niaba yake. Mama Kiunga alimkaribisha msaidizi vizuri, akamwandalia chai, na Jumapili ya tatu akampa kasuku msaidizi.

Lakini kama ningetakiwa kusimulia jambo moja tu, ningesimulia lile la Embu.

Ilikuwa mwezi wa Machi 2018. Mwanamume aitwaye Antony alitupigia simu akisema mamake ana kasuku wa kijivu anayepiga kelele, majirani wanalalamika, na angependa tumchukue. Tulishuka Embu. Antony hakutupeleka nyumbani kwake. Alitusubiri kwenye kituo cha mafuta, tundu likiwa limefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki. Mama Kiunga hakupenda, kwa sababu desturi yake ilikuwa kuona mahali ndege alipoishi. Antony alisema ana haraka ya kurudi kazini. Akatia sahihi, akaandika jina la mtaa wake, akaondoka. Kasuku aliitwa Sifa. Alikuwa na afya, manyoya yake yanang'aa. Mtu alikuwa amempenda.

Sifa alinyamaza siku mbili. Asubuhi ya tatu alianza. Kwanza alitoa mlio wa kufuli likibanwa. Kisha mlio wa pikipiki ikiwashwa na kwenda mbali. Kisha kimya kirefu. Halafu sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, ikisema maneno yale yale mara kumi, mara ishirini, mpaka ikakauka.

Mama Kiunga alidhani ndege ana kiu. Akabadilisha maji. Sifa hakunywa. Kesho yake ikawa vile vile, kwa mpangilio ule ule: kufuli, pikipiki, kimya, sauti. Yeye ni mtu wa Imenti na maneno hayo hayakuwa Kimeru, basi akaniita mimi niliyezaliwa upande wa Embu. Nilisimama pale na kitambaa cha kufutia gari mkononi. Kilikuwa Kimbeere, kile cha wazee. Nikamfasiria: "Antony, nifungulie. Nina kiu."

Nilimwambia asijali, kwamba pengine ndege amejifunza kwenye redio, kasuku husema chochote.

"Kasuku hatungi, Muriithi," alisema. "Kasuku hurudia."

Akaenda akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hapo akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo: kwamba huyo mama, yuko wapi sasa, na mwenzake wa pekee humo ndani sisi ndio tuliomchukua.

Alimpigia Antony simu. Antony alisema mamake hajambo, amerudi kijijini Kiambere, na kwamba tusimsumbue tena. Siku hiyo Sifa alikuwa amejifunza kutia maneno mawili mapya, yaani jina la Mama Kiunga na jina langu, lakini asubuhi alirudia yale ya kwanza.

Daktari Njue hakukubali. Namwandika hapa kwa heshima, kwa kuwa alikuwa na hoja. Alisema sisi ni watu wa ndege, si polisi. Alisema watu hutuletea kasuku kwa sababu hatuwaulizi maswali ya nyumbani kwao, na siku watakaposikia kwamba tunawasikiliza ndege ili kuwachunguza wenye ndege, hawatatuletea tena. Watawatupa, au watawaua. Alisema hayo yote bila kupandisha sauti, na Mama Kiunga alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba ruhusa ya siku moja. Daktari alimpa. Halafu Daktari akanigeukia akasema alizeti imepungua na kwamba, kwa kadiri anavyofahamu, ya bei nafuu inapatikana Embu. Ghala letu lilikuwa na magunia sita. Nilichukua funguo za gari.

Siku hiyo njiani hakukuwa na tundu magotini pake. Mikono yake haikujua ikae wapi.

Embu tulikwenda kwanza kwa naibu wa chifu, mama mmoja aitwaye Wawira. Mama Kiunga alimweleza jambo zima, pamoja na kasuku. Nilitazama chini nikingoja tuchekwe. Wawira hakucheka. Alisema amewahi kusikia malalamiko ya kelele kutoka nyumba hiyo, lakini mlalamikaji alisema ni ndege. Akachukua kitenge chake, tukaenda.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ndogo, na nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha la vyuma lililozibwa kwa gunia. Mlangoni palining'inia kufuli. Wawira alibisha, akaita. Hakuna aliyejibu. Akabisha tena, akasema huenda kweli mama alipelekwa kijijini. Mimi pia nilitaka kuamini hivyo.

Mama Kiunga alisogea mpaka dirishani na kupiga mluzi. Ulikuwa wimbo mfupi, kipande tu cha wimbo, ambao Sifa alizoea kuupiga wakati wa kula. Alipofika katikati akanyamaza. Tukasubiri. Ndani kikasogea kitu, kama mguu wa kitanda, na ile sauti nyembamba niliyoijua tayari ikaumalizia ule wimbo mpaka mwisho. Kisha ikauliza kwa Kimbeere:

"Sifa, umerudi?"

Sikuhitaji kufasiri. Mama Kiunga alishika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, akaweka paji la uso hapo, na nilimwona akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekataa kitu.

Antony aliitwa kutoka kazini. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alifika kwa pikipiki, akaona watu, akazima injini, na hakujaribu kubishana. Alifungua kufuli. Mamake, Nyanya Rwamba, alikuwa ameketi kitandani, amevaa vizuri, mwembamba sana. Kikombe cha maji kilikuwa sakafuni, kimepinduka. Wawira alituma mtu atafute gari la kumpeleka hospitali, na kwa kuwa pikapu yetu ilikuwa pale, gari likawa ndilo hilo.

Kabla hatujaondoka Antony aliketi kwenye ngazi akaeleza. Mamake alikuwa amepoteza kumbukumbu. Mara mbili alitoka akapotea. Mara ya kwanza alipatikana kando ya barabara kuu, akiwauliza madereva njia ya nyumba iliyobomolewa zamani. Mkewe alikuwa amechoka akaenda kwao. Yeye hutoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Kila siku aliacha maji na chakula, na kila siku mama alisahau vilipo au alivimwaga. Kisha akakiri lile gumu zaidi: kwamba kasuku alikuwa akiita kwa sauti ya mama kutwa nzima, majirani wakaanza kuuliza, na kwamba alimtoa ndege kwa sababu hiyo.

Nilitarajia Mama Kiunga amkemee. Mimi ningemkemea. Yeye aliketi karibu naye kwenye ngazi ile ile.

"Uchovu wako nauelewa, mwanangu," alimwambia. "Kufuli silielewi."

Antony alilia bila sauti. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nyanya Rwamba alilazwa siku tano. Naibu wa chifu aliita ukoo, na binti yake mkubwa aliyeolewa Kiambere akasema, kwa hasira na kwa machozi, kwamba hakuna aliyewahi kumwambia hali ilivyo. Angemchukua mamake tangu zamani. Alimchukua wiki hiyo. Hapo ndipo Mama Kiunga alipovunja sheria aliyoiweka yeye mwenyewe, kwamba ndege aliyetolewa harudishwi kwa jamaa waliomtoa. Tulimbeba Sifa mpaka Kiambere, Wawira akiwa nasi, ng'ambo ya vilima vile vya Mbeere ambako joto linakupokea kabla ya mwenyeji. Nyanya alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba. Hakumkumbuka Wawira, hakutukumbuka sisi, na siku hiyo hakumkumbuka hata bintiye kwa jina. Lakini kasuku wake alimkumbuka mara moja. Nyanya alimpa kidole, Sifa akapanda, na wote wawili wakaanza kulaumiana kwa Kimbeere kwa haraka kiasi kwamba hata mimi sikufuata.

Nyanya aliishi miaka mitatu zaidi, mlango ukiwa wazi, na watoto wa jirani wakimrudisha alipotoka kutembea. Antony alikwenda kila Jumamosi. Alipomzika mamake alikuja Kanyakine bila kuitwa, akatazama mabanda yetu ya mbao yaliyokuwa yanaoza, akarudi na mashine yake ya kuchomelea. Banda kubwa la chuma mtakaloketi karibu nalo siku ya sherehe ni kazi ya mikono yake.

Naye Daktari Njue? Tuliporudi siku ile aliuliza alizeti iko wapi. Mama Kiunga akamwambia yote. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akachukua kalamu na kuongeza mstari mmoja kwenye fomu yetu ya mapokezi: ni nani mwingine aishiye nyumbani, na yu hali gani. Mstari huo upo hadi leo. Hofu yake haikutimia. Mwaka uliofuata tulipokea kasuku wengi kuliko mwaka wowote wa nyuma. Daktari alifariki 2020, na katika maneno yake ya mwisho kwetu alisema kituo alikianzisha yeye lakini masikio yake ni ya Karambu.

Mwana wa Karambu, Kiunga, ambaye kwa jina lake sote tunamwita mamake, sasa ni mwalimu na baba wa watoto wawili. Anasema utotoni aliwaonea wivu kasuku, maana waliimbiwa kuliko yeye. Ameniruhusu niandike hilo, kwa sharti kwamba niongeze kuwa alisamehe. Kuanzia Jumatatu, Kinya, aliyefundishwa na Mama Kiunga kwa miaka sita, atakuwa mlezi mkuu. Wiki iliyopita nilimsikia akimkatalia mgeni aliyetaka kuingiza kidole kwenye tundu. Alitumia sauti ndogo yenye baridi ambayo tunaijua sote, na mgeni akarudi nyuma hatua mbili. Tuko salama.

Imebaki habari moja. Tulipomwuliza Mama Kiunga angependa zawadi gani, wengine wakipendekeza tangi la maji na wengine ng'ombe wa maziwa, alifikiri siku mbili kisha akatujibu. Alisema katika maisha yake amewashika kasuku karibu mia tatu mikononi, na hajawahi kumwona hata mmoja akiwa huru.

Basi mwezi uliopita tulishuka naye nyanda za chini, upande wa Tharaka, ambako kasuku wadogo wa porini bado wanaishi, wale wa kahawia wenye tumbo la rangi ya chungwa. Tulikuwa watu watano. Tulifika asubuhi, tukazima gari kando ya mto mkavu, tukangoja. Mama Kiunga alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Baada ya kama saa moja tukasikia kelele kali juu ya migunga, na wakatokea: sita, kisha wengine watatu, wakiruka kwa kasi, wamejipanga ovyo, wakiitana. Walitua, wakagombania tunda moja, wakaruka tena wakavuka mto. Haikuchukua dakika tatu.

Aliwatazama mpaka wakawa nukta, na nukta zikaisha. Nilidhani atauliza majina yao, au atatoa daftari. Hakutoa. Alisimama vile vile, mikono imelegea kando, akitabasamu kwa namna ambayo kwa miaka kumi na saba sikuwahi kuiona kando yangu garini.

"Muriithi," alisema, "hawa hawanihitaji kabisa."

Alilisema kama mtu aliyepokea habari njema.

Mama Kiunga, kwa niaba ya wenzako wote wa Kanyakine, na kwa niaba ya wale mia mbili themanini na saba wasioweza kutia sahihi, tunasema asante. Asante kwa mapapai, kwa madaftari, kwa Jumapili za watu wengine ulizozikalia, na kwa kuyasikiliza yaliyosemwa na ambao hakuna aliyewasikiliza. Nenda ukalime ndizi zako kwa amani. Lala mpaka jua likuamshe, ule mayai ya kuku wako bila kumwomba mtu msamaha, na wajukuu wakuzunguke. Mungu akupe miaka mingi, afya njema na majirani wapole. Lango hili halina siku ambayo litafungwa kwako.

Muriithi,
dereva